RAM zote za 3200 si sawa: Namba za kusoma kabla hujatoa hela

Ukitafuta RAM ya kompyuta ya mezani hapa Bomang'ombe, utauliza kwa mafundi wa mjini au utapanda gari hadi Moshi au Arusha. Popote utakapofika, swali la kwanza la muuzaji ni "GB ngapi?"

Kwa anayetaka kuovakloki, yaani kuipandisha RAM juu ya kasi yake ya kawaida ili gemu au uhariri wa video uende chapu, GB pekee hazitoshi. Unaweza kulipa hela ya RAM ya kasi na usione tofauti.

Haya ndiyo mambo ya kuzingatia.

Kasi na taimingi

Kwenye DDR4-3200, namba 3200 ni kasi: data husafirishwa mara milioni 3,200 kwa sekunde. Taimingi huandikwa hivi: 16-18-18-38. Namba ya kwanza huitwa CL. Ni mizunguko ya saa ya RAM inayopita tangu data iombwe hadi ianze kutoka.

Fikiria Hiace za Bomang'ombe kwenda Moshi. CL inahusu kusubiri stendi, kasi ni idadi ya abiria wanaofika kwa saa. Kasi kubwa ni nzuri, CL ndogo ni nzuri.

Piga hesabu kwenye simu

Chukua CL, zidisha kwa 2,000, kisha gawa kwa kasi. Jibu ni muda wa kusubiri kwa nanosekunde:

- DDR4-2666 CL19: 14.25
- DDR4-3200 CL22: 13.75
- DDR4-3200 CL16: 10
- DDR4-3600 CL18: 10
- DDR5-6000 CL30: 10

Umeona? RAM mbili za 3200 zimeachana karibu nanosekunde nne. Majibu yakilingana, chukua yenye kasi kubwa, ilimradi kompyuta yako inaiweza.

Kwa RAM za mtumba zilizotoka kwenye kompyuta za ofisini, soma herufi za mwisho kwenye lebo. 2666V maana yake ni CL19, na 3200AA ni CL22. Ni RAM nzuri kwa kazi za kawaida, ila usilipe bei ya RAM ya gemu.

Anza na mazabodi

Desktop nyingi za ofisini zilizotumika hazina sehemu ya kupandisha RAM kwenye BIOS. Hata ukiweka ya 3600, itashuka hadi kasi ya kawaida.

Kwa Intel, mazabodi za H310, B360 na B460 haziivushi RAM juu ya kiwango cha prosesa. Core i5-10400 kwenye B460 huishia 2666. Intel ilifungua mlango huo kwa B560 na H570 mwaka 2021. Kwa AMD, B450, A520 na B550 zinaruhusu.

Ryzen 5000 nyingi huenda vizuri na 3600, na Ryzen 7000 na DDR5-6000. Kama huna kadi ya picha na unatumia prosesa kama Ryzen 5 5600G, kasi ya RAM utaiona zaidi, kwa sababu picha nazo hutumia RAM hiyohiyo.

Vipande viwili kwanza

Kipande kimoja cha 3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vya 2666, kila kimoja kwenye njia yake, hufika takribani GB 42.7. Kama bajeti ni ndogo, anzia hapo. Nunua vinavyofanana.

Washa, kisha pima

Ingia kwenye BIOS, washa XMP, au EXPO kwa DDR5 nyingi za AMD. Mpangilio huu huweka kasi, taimingi na umeme kwa pamoja. DDR4 mara nyingi hutoka volti 1.2 hadi 1.35. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usiongeze volti kwa mkono. Kumbuka pia kuwa kuovakloki kunaweza kukuondolea waranti.

Windows ikiwaka, usishangilie bado. Weka MemTest86 kwenye flashi na uache imalize raundi nne. Kosa moja tu maana yake imefeli: shusha kasi hatua moja, upime tena.

Hapa usifanye mzaha. RAM isiyotulia inaweza kuharibu faili kimyakimya bila kompyuta kuzima. Kama unahariri video za harusi, bibi harusi hawezi kurudi kanisani ili urekodi upya.

Joto nalo lina lake. Bomang'ombe iko chini ya mlima, si baridi kama Machame juu. RAM iliyofaulu kwenye baridi ya Julai ipime tena Januari au Februari.

Kompyuta ikigoma kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika chache, kisha irudishe. BIOS itarudi ilivyokuwa.

Ukiangalia CPU-Z ukakuta 1600 badala ya 3200, hujapigwa. Programu hiyo huonyesha nusu: zidisha kwa mbili.