Hita za Magari ya Kale na Makanika wa Unguja

Katika vyombo vyote vilivyoteremshwa bandarini Unguja tangu meli za moshi zilipoanza kutia nanga mbele ya Forodhani, sidhani kama kipo kilichokosa kazi zaidi kuliko hita ya gari, kwani kisiwani petu hata kipupwe kinapokaza, miezi ya Juni na Julai, baridi yake haimdai mtu zaidi ya shuka. Hata hivyo, chombo hicho kisichotakiwa kimewapa makanika wetu kazi ambayo naiona yastahili kuandikwa, kwa kuwa ndani yake imo sehemu kubwa ya tarehe ya ufundi wao.

Kabla ya magari kuenea, safari ya shamba ilikuwa ya miguu, ya punda, au ya gari la moshi lililojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co., ambalo mwaka 1905 lilianza kwenda kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili kama saba, likipita katika vichochoro vya Malindi karibu mno na milango ya watu. Barabara zilipotengenezwa, malori yaliipokea kazi hiyo, na reli ikang'olewa. Malori yenyewe, aghalabu Bedford na Austin, yaliwaachia maseremala wetu nafasi ya kuyajengea bodi za mbao, zenye mabao marefu ya kukalia ubavuni na paa lenye nguvu za kubeba makapu ya ndizi na magunia ya karafuu. Hayo ndiyo magari ya mbao, yaliyokuwa yakiondoka Darajani kwenda Chwaka, Mkokotoni na Makunduchi, nayo hayakuwa na haja ya hita, maana upepo uliingia kila upande.

Hita ilikuja na magari madogo na pikapu: Morris, Land Rover, Peugeot. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 fedha za kigeni zikawa adimu na spea zikaadimika pamoja nazo, hata gari ambalo kwingine lingetupwa, hapa likadumishwa kwa chuma cha kuchonga na mpira wa kukata. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, yakaingia magari yaliyotumika Japani, nchi ambayo, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, lakini ambayo, kinyume na sisi, ina theluji. Na kila moja likaja na hita yake.

Ama maradhi ya hita yana asili mbili, na zote mbili ni za kisiwa. Hita haina moto wake yenyewe: huazima maji ya moto ya injini, yakapita katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na koki moja, inayovutwa kwa waya kutoka kwa dereva, ndiyo inayoyafungulia au kuyazuia. Sasa Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vyake hubeba chokaa hiyo. Dereva anayeongeza maji ya kisima katika rejeta huongeza pia ukoko mweupe utakaoishika koki. Na hewa ya bahari huula waya ndani ya ala yake. Koki isiyoguswa mwaka mzima hugandia pale ilipoachwa, na ikiwa iliachwa wazi, dereva hupigwa miguuni na joto la injini katikati ya jua la Februari.

Makanika mwenye maarifa haanzi kwa spana. Huiacha injini ipate moto, akafungua boneti, akagusa kwa ncha za vidole mipira miwili inayoingia ukutani mwa kebini: ikiwa yote miwili inaunguza ilhali mkono wa hita umefungwa, koki imeganda wazi. Hungoja injini ipoe, kwani kufungua kifuniko cha rejeta ikichemka ni kujiunguza uso, kisha humwaga maji, akaufungua waya, akaijaribu koki kwa mkono. Ikikataa, na koki mpya haipatikani, huichomoa mipira kwenye hita na kuiunganisha yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili, ili maji yarudi kwenye injini bila ya kupita ndani. Wapo wanaoiziba tu mipira kwa kijiti, nami naichukia sana njia hiyo, maana ziko injini zinazoitegemea njia ile kuzungusha maji kabla themostati haijafunguka, na kuiziba ni kuzikaba.

Lakini mafundi wenye kuona mbali huchelea hata kuiondoa hita kabisa. Injini kuukuu iliyopakiwa shehena, ikipandishwa kutoka Bububu kuelekea Masingini, huelekea kuchemka, na hapo hita hugeuka rejeta ya pili: ikifunguliwa na feni yake ikazungushwa, dereva hutoka jasho lakini injini hupumua. Njia bora basi, kwa injini isiyoitegemea njia ile ya maji, ni kufunga, katikati ya mpira chini ya boneti, koki ya shaba ya mafundi bomba, ile ile ya majumbani, inayofungwa kwa mkono siku zote, na kufunguliwa gari linapokabili mlima na mzigo.