Waliougua ndio walioamsha mageuzi ya tiba ya akili

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi hospitali za magonjwa ya akili ziliendeshwa kana kwamba methali hiyo haipo. Mgonjwa aliyelalamika kwamba amepigwa hakusikilizwa. Malalamiko yake yalihesabiwa kuwa dalili nyingine ya ugonjwa.

Mmoja wa waliolipinga hilo ni Clifford Beers, Mmarekani aliyehitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1897. Kaka yake aliugua kifafa, naye akaandamwa na hofu kwamba yatamfika yaleyale. Mwaka 1900 alijaribu kujiua, akanusurika. Kuanzia hapo hadi 1903 alilazwa katika hospitali tatu zilizoko jimbo la Connecticut. Alipigwa, akafungwa mikono, akafungiwa peke yake kwenye chumba chenye baridi. Hata hivyo hakunyamaza. Alifanya vurugu makusudi ili ahamishiwe wodi ya wagonjwa wakali, ajionee yanayotendeka humo, kisha akamwandikia gavana wa jimbo.

Machi 1908 alichapisha kitabu cha maisha yake, *A Mind That Found Itself*. Mei mwaka huohuo alianzisha chama cha afya ya akili Connecticut, na mwaka 1909 ikaundwa kamati ya taifa. Lakini kamati ilipokua, madaktari na wafadhili ndio walioshika usukani. Ushuhuda wa mgonjwa mmoja ulikuwa umeleta mageuzi, ila wagonjwa wenzake hawakuitwa kuamua.

Afrika Mashariki, mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya akili Nairobi, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Ndiyo Hospitali ya Mathari ya leo. Huko nako waliolazwa hawakuulizwa neno.

Miaka ya 1970 madai yalibadilika. Judi Chamberlin, Mmarekani aliyelazwa hospitali ya akili mwaka 1966 baada ya mimba kuharibika, alijiunga na wagonjwa wa zamani waliokuwa wakijipanga wenyewe. Huko Vancouver, Canada, alipata nafuu katika kituo ambacho hakikuendeshwa kama hospitali. Kitabu chake cha 1978, *On Our Own*, kilitetea huduma zinazosimamiwa na waliougua wenyewe. Beers aliomba wagonjwa watendewe utu. Chamberlin alidai wawe na mamlaka.

Dai hilo lilifika Umoja wa Mataifa. Vyama vya waliopitia tiba ya akili vilishiriki kuandaa Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Kifungu chake cha 4 kinazitaka serikali kushauriana na wahusika wenyewe zinapotunga sheria na sera zinazowagusa. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili na kutambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika kupanga matibabu yake.

Sheria peke yake haitoshi. Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, waliougua huitwa jukwaani kusimulia masaibu yao, kisha hurudishwa nyumbani na wengine wakaenda kupanga bajeti. Wizara na hospitali zetu ziwaingize kwenye bodi, ziwaajiri wodini na ziwalipe kama zinavyowalipa wataalamu wengine. Ujuzi wao umepatikana kwa gharama kubwa. Kuupuuza ni dhuluma.