Chanjo ya Kichaa cha Mbwa: Mbio Zilizoanza Mwaka 1885 Bado Zinaendelea Kijijini Kwako

Leo nakupa historia, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ninaloulizwa kila mara: "Mtu akishang'atwa, chanjo inasaidia nini tena?"

Tarehe 4 Julai 1885, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister alishambuliwa na mbwa mwenye kichaa huko Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Alipata majeraha 14. Siku mbili baadaye mama yake alimfikisha Paris kwa Louis Pasteur.

Pasteur alikuwa mwanakemia, si daktari. Alichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, akautundika kwenye chupa yenye hewa kavu. Kadiri siku zilivyopita, makali ya ugonjwa yalipungua. Kwa njia hiyo alikuwa amewakinga mbwa 50. Sasa mbele yake alisimama mtoto wa watu. Daktari Grancher alimchoma Joseph sindano 13 kwa siku kumi hivi, wakianza na dawa hafifu na kumaliza na kali. Joseph akapona.

Kwa nini ilifanya kazi baada ya kung'atwa? Virusi vya kichaa hupita kwenye mishipa ya fahamu, vikipanda polepole kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi. Chanjo hutumia muda huo kuufundisha mwili kujilinda. Ni mbio. Virusi vikifika ubongoni na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Angalia siku zilivyoamua. Jupille, mchungaji wa miaka 15, alianza sindano siku ya sita, akapona. Mwaka 1886 Warusi 19 kutoka Smolensk walioumwa na mbwa mwitu mwenye kichaa walifika Paris baada ya wiki mbili hivi. 16 walipona, 3 walikufa. Lakini binti mdogo, Louise Pelletier, aliletwa siku ya 37 akiwa na majeraha kichwani. Alichomwa sindano, lakini hakupona. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Je, kwa nini Pasteur hakuwachanja mbwa wote ili kumaliza kazi? Njia yake ilihitaji sindano nyingi kwa kila mbwa. Mwaka 1921 Wajapani Umeno na Doi walitangaza chanjo ya mbwa ya sindano moja. Mwaka 1950 Japani ikatunga sheria ya kuchanja mbwa, na tangu 1957 kichaa hakijaonekana tena kwa wanyama wa nchi hiyo. Hapa kwetu, kisiwa cha Pemba nacho kiliutokomeza ugonjwa kwa kuchanja mbwa. Ulipoingia tena, wakachanja tena, ukaondoka. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Basi ufanye nini?

Kabla ya kung'atwa: Chanja mbwa na paka kila mwaka, hata yule anayelala sokoni au kuzurura buchani. Kama kazi yako ni kushika wanyama, uliza kuhusu chanjo ya kujikinga mwenyewe.

Ukishang'atwa: Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri uuze debe la mahindi kwanza, kopa. Kidonda kikubwa huhitaji pia sindano ya kinga ya haraka kuzunguka kidonda. Maliza tarehe zote ulizopewa. Zile sindano nyingi za tumboni ni habari za zamani. Siku hizi huchomwa begani, na ni chache. Na kama umechelewa, nenda hivyo hivyo, maana huwezi kujua virusi vimefika wapi.

Kwa mifugo: Ng'ombe, mbuzi au punda aking'atwa, mwite afisa mifugo. Mnyama mwenye dalili za kichaa usimchinje wala kuuza nyama au maziwa yake.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usiisubiri. Mbwa wako alichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, anza hapo.