Dwight Frye Hakumalizwa na Renfield

Habari za mwigizaji Dwight Frye husimuliwa kwa huruma ya namna moja: aliigiza mwendawazimu Renfield vizuri mno katika Dracula ya mwaka 1931, Hollywood ikakataa kumpa sura nyingine, akafa amesahaulika. Kuna ukweli humo, lakini Renfield anatwishwa lawama isiyo yake peke yake. Ukizifuata filamu zenyewe mwaka hadi mwaka, utaona kuwa Frye aliangushwa zaidi na mkasi wa studio na kuyumba kwa soko la filamu za kutisha.

Mtu huyu, mzaliwa wa Kansas mwaka 1899, alitokea kwenye majukwaa ya Broadway, ambako aliigiza vichekesho na tamthilia nzito. Mwaka huohuo wa 1931 alikuwa pia Wilmer, kijana mwenye bastola katika The Maltese Falcon. Ufundi wake uko kwenye mambo madogo. Katika Frankenstein yeye ni Fritz, msaidizi mwenye kibyongo. Anapanda ngazi na kifimbo kifupi kisichomfaa, kisha anasimama katikati kuvuta soksi iliyomporomoka. Hapo hakuna kichaa hata kidogo, ni mtumishi aliyechoka.

Sasa tazama alivyopunguzwa. Katika The Invisible Man, 1933, ni mwandishi wa habari ambaye hata jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Katika Bride of Frankenstein, 1935, mhusika wake Karl alikuwa na mkasa wake kamili wa mauaji ya nyumbani; ukaondolewa filamu ilipofupishwa. Mwaka 1936 familia ya Laemmle ikapoteza Universal, studio iliyotengeneza filamu hizo, na wamiliki wapya wakaziweka kando filamu za kutisha. Dracula na Frankenstein ziliporudishwa pamoja mwaka 1938 na kujaza kumbi, studio ilizinduka ikatengeneza Son of Frankenstein. Frye akapewa kipande, nacho kikakatwa chote. Msaidizi mwenye ulemavu safari hii akawa Ygor, aliyeigizwa na Bela Lugosi, na leo watu wengi humwita Fritz kwa jina hilo lisilo lake.

Mtu atauliza: mbona mwigizaji mwenzake Boris Karloff alibanwa na sura ileile ya kutisha na bado akastawi? Karloff alikuwa nyota. Jina lake ndilo lililouza tiketi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumfuta. Lugosi naye, pamoja na umaarufu wake wote, alitaabika soko lilipokauka. Nakubali kwamba macho ya Frye na kile kicheko cha kukenua meno kutoka ngama ya meli katika Dracula vilimfanya awe mgumu kusahaulika, na wagawaji wa kazi ni wavivu. Ila uvivu huo haukuwa kifungo cha maisha. Mwaka 1943, akiwa anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha ndege, alichaguliwa kuigiza Newton Baker, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, katika filamu kubwa ya Wilson: mwanasiasa mwenye akili timamu. Hakuwahi kuicheza. Tarehe 7 Novemba mwaka huo moyo wake ulisimama akiwa ndani ya basi, na cheti cha kifo kilimtaja kuwa msanifu wa zana za kiwandani.