Ngoma Ilipopita Mtaani

Kila Septemba, shule za Riyadh na Jeddah zinapoadhimisha Siku ya Taifa ya Saudia, watoto wetu hurudi nyumbani wakipunga panga za plastiki. Wamefundishwa ardha, ile ngoma ya Najd ya safu mbili zinazotazamana. Mwaka jana mmoja wao alituuliza, "Mama, na sisi kwetu tunacheza nini?" Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, tukamjibu haraka haraka, "Ngoma." Akauliza, "Ngoma gani?" Hapo tukakwama. Deni hilo tunalilipa leo.

Tuanzie Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana wa mwambao walizisikia bendi za kijeshi za Wazungu, wakazigeuza kuwa mali yao. Hata jina walilichukua, ulimi wetu ukalilainisha: beni. Walivaa sare, wakajipanga safu, wakapita mitaani kwa ngoma na tarumbeta huku watu wakiwafuata.

Dar es Salaam ilikuwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini ilikuwa ya makarani na watu waliojihesabu kuwa wastaarabu. Arinoti ilikuwa zaidi ya vibarua na wageni kutoka bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, wakimwita kingi, na maofisa wenye vyeo vya kijeshi. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara na kuvuka mipaka. Malawi mpaka leo wana malipenga, mtoto wa beni, na ndani ya kikosi huwamo daktari na nesi! Sisi tunaovaa sare nyeupe tulilipenda sana hilo.

Lakini lililotugusa zaidi ni jingine. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Humo tunaona kwamba vyama hivi havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua alisaidiwa, na akifia ugenini, mbali na ukoo wake, wenzake walimzika. Kijana aliyefika mjini hana ndugu alipata ndugu ndani ya beni. Kila mmoja wetu humu anajua maana yake. Mara ngapi simu zimepigwa usiku kuchangishana ili maiti arudishwe nyumbani, au mwenzetu alipiwe tiketi? Jumuiya yetu haina kingi wala tarumbeta, lakini kazi ni ileile.

Serikali ya Waingereza iliitazama beni kwa wasiwasi, maana watu waliojipanga wenyewe humtia hofu mtawala. Baadaye wasomi nao waliidharau. Kufikia miaka ya 1950 vijana wengi wa mjini walikwishahamia kwenye dansi, na baada ya TANU kuundwa mwaka 1954 mikutano ya siasa nayo ikavuta watu. Wako wanaosema beni ilikufa. Hatukubali. Nendeni Dar Jumamosi yoyote mkaone matarumbeta juu ya gari, yakimsindikiza bibi harusi. Na Zanzibar beni bado hupita vichochoroni.

Tuliokulia Temeke na Buguruni tuliukimbilia mdundiko wa Wazaramo. Ukipita, sufuria linaachwa jikoni! Watoto waliufuata mtaa kwa mtaa hadi wakapotea, na jioni tulichapwa. Wazazi wetu waliuita uhuni. Ajabu ni kwamba mwaka jana, katika kikao cha maandalizi ya sherehe, neno hilohilo lilirudi. Ngoma itatuaibisha, walisema baadhi yetu, bora muziki wa spika. Basi istiraha ilikodiwa, spika zikaletwa, na watoto wakakaa pembeni na simu zao.

Wenzetu wa Jeddah hawana aibu hiyo. Wanaume wa Hijazi hucheza mizmari kwa fimbo, wakizunguka moto huku wenzao wakipiga makofi. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya ardha ya Najd. Tuliwahi kumuuguza mzee mmoja wa huko ambaye kiharusi kilimwondolea maneno. Mkono wake mzima uligonga chuma cha kitanda siku nzima, mapigo yaleyale. Mwanawe alipofika aliyatambua mara moja, akaanza kupiga makofi. Mzee alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Mwaka huu kikao kimekubali, ingawa kwa mabishano. Tarehe 9 Desemba watoto wataingia kwa safu, na ngoma mbili zitaletwa na ndugu anayetoka likizo. Mazoezi ni kila Ijumaa baada ya Alasiri. Bado tunatafuta mtu wa kupuliza tarumbeta.