Kura Iliponyang'anywa: Wachuma Chai wa Ceylon

Vyama vya jamii ndogo katika nchi zilizotoka ukoloni twavihukumu upesi kuwa ni vya kikabila. Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, yatulazimisha kusita.

Watamili wenye asili ya India walipelekwa huko na Waingereza kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, baadaye ya chai. Chama chao, Ceylon Indian Congress, kilianzishwa 1939. Katika uchaguzi wa 1947 kilipata wabunge, na kwingineko kura za wachuma chai ziliwasaidia wagombea wa mrengo wa kushoto. Mabwanyenye waliielewa hesabu hiyo. Nchi ilipopata uhuru 1948, sheria ya uraia ya mwaka huohuo iliwaacha watu wapatao 700,000 bila nchi. Ya 1949 ikawanyima kura. Mwaka 1952 chama hakikupata hata mbunge mmoja.

Kilichobaki ni chama cha wafanyakazi, Ceylon Workers' Congress. Majani yasipochumwa kwa wakati huharibika, na chai ndiyo iliyoingiza fedha za kigeni. Silaha ya mgomo haikufutwa na sheria ya uraia. Hata hivyo, mwaka 1964 Bandaranaike na Shastri waligawana watu kama mali: 525,000 India, 300,000 Ceylon, wenyewe bila kuulizwa.

Mwaka 1978 kiongozi wao Thondaman, ambaye (tusifiche) alikuwa mwenye shamba, aliingia serikali ya United National Party, chama kilekile kilichotunga sheria ya 1948. Wako wamwitao msaliti. Sisi twaona alinunua kwa bei ghali kile ambacho mgomo peke yake haukukileta: sheria za 1988 na 2003 zilizowapa uraia waliobaki.