Neno na Nakshi: Ushirika wa Shairi na Picha katika Kanga ya Unguja

Wanafunzi wa historia ya Matengenezo wanafahamu kwamba Agano Jipya la Luther la mwaka 1522 lilitoka likiwa na picha za kitabu cha Ufunuo, zilizochapwa kwa mbao za karakana ya Lucas Cranach huko Wittenberg. Neno na picha vilimwendea msomaji pamoja. Katika pwani yetu upo ushirika wa namna hiyo, tunaouona kila siku hata tumesahau kuuchunguza, nao ni kanga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kanga ya Unguja shairi na picha havikukutana kwa ajili ya pambo tu, bali vilimpa kauli mtu aliyekuwa amenyimwa.

Kanga ilizuka Unguja na Mombasa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Asili yake yahusishwa na leso, yaani vitambaa vya mraba ambavyo wanawake walivishona pamoja ili kupata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, waliagiza nguo nzima kutoka viwanda vya Ulaya, kikiwamo kile cha Van Vlissingen katika mji wa Helmond, Uholanzi. Muundo wake ukatulia: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maandishi, chini ya mji. Jina hilo lilichapwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi.

Tuangalie jinsi kazi ilivyogawanyika. Maneno yalitoka pwani, lakini mchapaji alikuwa ng'ambo, wala hakujua Kiswahili. Mengi ya majina hayo yana vipande viwili vinavyolingana kwa mizani, pengine hata kwa vina, mithili ya mshororo wa shairi. Methali, fumbo, dua, shukrani kwa mama, yote hutiwa katika mstari mmoja. Nakshi, kama ile ya korosho, si lazima ilifafanue neno. Huvuta jicho kwanza, kisha neno likafuata. Hata hivyo kazi haikukamilika mpaka mwanamke alipochagua doti yake na kuivaa mbele ya aliyekusudiwa. Hapo neno lililochapwa kwa watu wengi likawa neno lake.

Uzito wa jambo hili waonekana tukikumbuka utumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Lakini hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu, na masuria wakangoja hadi 1909. Watumwa wa kike walikuwa wakivaa merikani au kaniki. Walipopata uhuru, wengi waliiacha kaniki wakajitanda kanga. Aliyevikwa na bwana wake sasa alijinunulia nguo, na nguo hiyo ilisema.

Siku hizi sharika zetu huagiza kanga na vitenge vya jubilei vyenye maneno ya Biblia. Ni jambo jema; lakini tukiwachagulia akina mama maneno yote ya kuvaa, tutapata sare na kupoteza kauli. Mchungaji na asome pia yale waliyojichagulia wenyewe. Huenda lile wasiloweza kulisema ofisini mwake wamekwisha kulivaa.